Mchezo Usiokaa Nyumbani: Hasara za Michezo ya Kompyuta Inayochezwa kwa Njia ya Wingu

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mtu akishalinunua kwa fundi aliyelichonga, bao limekuwa lake. Aweza kumwazima jirani, kuliuza, kuwaachia wanawe urithi, au kulipandisha darini likae miaka kumi, kisha akaliteremsha na kulikuta ni lile lile. Kete zikipotea ataokota komwe nyingine. Fundi akifariki, bao halifi pamoja naye.

Michezo ya kompyuta nayo, kwa sehemu kubwa ya historia yake, ilifuata desturi hiyo hiyo. Mnunuzi alichukua kaseti au diski dukani, akaitia katika mashine yake, akacheza; alipoichoka alimpa mwenzake au aliiuza. Ndiyo maana katika mitaa ya Dar es Salaam, Mombasa na miji mingine ya Afrika ya Mashariki vipo vibanda ambamo vijana hulipia mchezo mmoja mmoja wa mpira wa miguu kwenye mashine ambazo viwanda vilikwisha kuziacha zamani. PlayStation 2 ilitolewa mwaka 2000, na kufikia mwanzo wa mwaka 2013 ilikuwa imekoma kutengenezwa. Lakini mashine iliyokwisha kununuliwa haikuzimika siku hiyo. Maadamu umeme upo, diski haijakwaruzika, na fundi wa mtaani anajua kusafisha lenzi, kibanda hufunguliwa.

Katika miaka hii ya karibuni umetokea utaratibu mwingine, unaoitwa uchezaji wa wingu. Jina hilo lisimpotoshe msomaji. Hakuna kitu chochote kilichoko angani. Wingu hili ni majumba makubwa ya saruji, yaliyojaa kompyuta ziitwazo seva, yenye walinzi getini na mitambo ya kupoza hewa ifanyayo kazi usiku na mchana. Mchezo unaendeshwa humo. Mchezaji aliyeko nyumbani hapelekewi mchezo wenyewe, bali hupelekewa picha za mchezo tu, kama mtu atazamaye televisheni. Na kila anapobonyeza kitufe, habari ya kubonyeza huko husafiri mpaka kwenye jumba lile, ambako kompyuta isiyo yake inatenda kwa niaba yake.

Haitakuwa haki kueleza hasara za utaratibu huu bila kutaja faida zake. Mashine yenye nguvu ya kuendesha michezo ya kisasa ni ghali, na kwa familia nyingi haifikiriki. Kwa njia ya wingu, simu ya kawaida au kompyuta kuukuu ya shule yaweza kuonyesha mchezo ambao isingeweza kamwe kuuendesha yenyewe. Hapana haja ya kungoja saa nyingi mchezo upakuliwe, wala ya kutafuta nafasi ya kuuhifadhi. Hizo ni faida za kweli, na waliobuni mpango huu hawakuwa wajinga. Lakini kila faida kati ya hizo imelipiwa kwa kitu, na ni vema mlipaji ajue analipa nini.

Safari ya picha

Ili kuelewa tatizo la kwanza, yafaa kufuatilia picha moja tangu kuzaliwa hadi kufika machoni. Picha ya skrini ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1,920 kwa mlalo na 1,080 kwa wima, yaani jumla ya nukta 2,073,600. Rangi ya kila nukta huelezwa kwa biti 24. Mchezo ulio laini kwa macho huonyesha picha 60 kila sekunde. Mwanafunzi akizidisha tarakimu hizo atapata karibu biti bilioni 3 kwa sekunde. Hakuna waya wa nyumbani wa kawaida unaoweza kubeba mzigo huo, sembuse mnara wa simu unaowahudumia watu mamia kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo picha hubanwa. Kanuni ya kubana ni rahisi kuelezeka: badala ya kupeleka picha nzima kila mara, seva hupeleka yale tu yaliyobadilika tangu picha iliyotangulia. Ikiwa uwanja wa mpira umebaki vile vile na mchezaji mmoja amesogea, panatumwa agizo la kumsogeza mchezaji huyo, na uwanja hautajwi tena. Kwa ujanja wa namna hii biti bilioni 3 hupunguzwa hadi milioni 20 hivi, yaani sehemu moja kati ya 150. Lakini kilichobanwa kiasi hicho hakifunguki kikiwa kamili. Majani yanayotikisika, moshi, mvua na vumbi, ambavyo hubadilika kila mahali kwa pamoja, ndivyo vinavyoharibika kwanza. Msomaji aliyetazama sinema kwenye mtandao hafifu atakuwa ameviona vile viraka vya mraba.

Hapo sinema ina nafuu ambayo mchezo hauna. Sinema ilikwisha kutengenezwa. Mtambo unaoibana unaweza kutazama mbele, ukajua picha zijazo zitakuwaje, na kutumia ujuzi huo kupunguza biti; na kifaa cha mtazamaji kinaweza kupakua sekunde kadhaa kabla ya wakati wake na kuziweka akiba, ili mtandao ukiyumba kidogo mtazamaji asigundue. Mchezo hauwezi kuwekewa akiba hivyo, kwa sababu picha ijayo haijakuwapo: inategemea mchezaji atabonyeza nini. Huwezi kuweka akiba ya jambo ambalo mtu hajaamua bado. Pakiti ya habari ikipotea njiani, kuiomba irudiwe ni kazi bure, kwani itakapofika wakati wake utakuwa umepita.

Mpaka ambao nuru haiuvuki

Tatizo la pili haliwezi kuondolewa na mhandisi yeyote, maana limo katika maumbile. Habari husafiri katika mikongo kwa njia ya nuru ipitayo ndani ya nyuzi za kioo. Nuru katika ombwe huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini katika kioo hupungua mwendo hadi takriban theluthi mbili ya kiasi hicho, yaani kilomita 200,000 kwa sekunde. Hesabu yake ni nyepesi: kila kilomita 1,000 hutumia milisekunde 5 za kwenda na 5 za kurudi.

Tuchukue mchezaji aliyeko Dar es Salaam. Ikiwa seva iko Afrika ya Kusini, na mkongo uupitao mwambao una urefu wa kilomita 4,000 ukihesabu mizunguko yake, safari ya kwenda na kurudi inakula milisekunde 40. Ikiwa seva iko Ulaya, umbali wa kilomita 9,000 kupitia Bahari ya Shamu, safari inakula milisekunde 90. Tarakimu hizi ni za nuru peke yake, ikienda bila kusimama. Kwa hakika husimama. Hupita katika mitambo ya kupokea na kuelekeza, na katika kila mmoja pakiti hupanga foleni kama magari kwenye njia panda. Saa mbili za usiku, watu wengi wanapokuwa mtandaoni, foleni hurefuka. Kibaya zaidi, hairefuki kwa kiasi kilicho sawa: pakiti moja hufika baada ya milisekunde 50, ifuatayo baada ya 120. Mchezaji huweza kuzoea ucheleweshaji usiobadilika, kama mpiga ngoma anavyozoea mwangwi wa ukumbi. Ule unaobadilika hauzoeleki.

Kwenye safari hiyo lazima iongezwe kazi ya kubana picha kwenye seva na kazi ya kuifungua nyumbani, ambazo pamoja huchukua milisekunde 15 hadi 20 hivi. Kwa hiyo wingu la Ulaya humwongezea mchezaji wetu milisekunde 110 au zaidi, juu ya muda ambao mchezo wowote hutumia hata ukiwa sebuleni.

Je, milisekunde 110 ni nyingi? Walimu wanaweza kulijibu swali hili darasani kwa rula tu. Mwanafunzi mmoja aishike rula ya sentimita 30 kwa juu, ikining'inia wima; mwenzake aweke vidole viwili chini bila kuigusa, alama ya sifuri ikiwa kati ya vidole; wa kwanza aiachie ghafla, wa pili aidake. Ikidakwa kwenye alama ya sentimita 20, basi kwa kanuni ya mwili uangukao, ambapo umbali ni nusu ya mchapuko wa mvutano ukizidishwa kwa mraba wa muda, muda uliopita ni sekunde 0.20. Huo ndio mwitiko wa kawaida wa binadamu mzima. Sasa mwanafunzi yule aongezewe sekunde 0.11 zilizokwisha kupotea njiani. Muda wake unakuwa sekunde 0.31, na katika muda huo rula huanguka sentimita 47. Rula yote imekwisha kupita vidoleni.

Au atazame mkwaju wa penalti. Mpira upigwao kwa mwendo wa meta 30 kwa sekunde huzimaliza meta 11 katika sekunde 0.37. Katika milisekunde 110 mpira huo huenda meta 3.3. Golikipa wa mchezo wa wingu anauona mpira pale ulipokuwa, si pale ulipo. Na anaporuka, anaruka kwa amri iliyochelewa kutolewa. Katika mchezo wa kupanga miji au wa karata jambo hili halidhuru kitu. Katika michezo ya mpira, ya mbio za magari na ya mapigano, ambayo ndiyo ipendwayo zaidi vibandani, linauharibu mchezo wenyewe.

Mwaka 2019 mhandisi mmoja wa kampuni ya Google alizungumzia dawa ya kukisia: seva ingekadiria kitufe kitakachobonyezwa na kuandaa picha kabla ya amri kufika. Ni wazo la kuvutia kihisabati, na mbinu za jamaa yake zimekuwa zikitumika katika michezo ya watu wengi kwa miaka mingi. Ila anayekisiwa kwa usahihi kila mara hachezi tena, anachezewa. Na pale anapofanya jambo ambalo halikutarajiwa, ambako ndiko uhodari wa mchezo ulipo, makisio huanguka. Dawa ya kweli ni kujenga seva karibu na wachezaji, na makampuni huzijenga pale yanapoona wateja wa kutosha wenye kulipa. Stadia, mpango wa wingu wa Google hiyo hiyo, ilipofunguliwa tarehe 19 Novemba 2019 ilihudumia nchi 14 za Amerika ya Kaskazini na Ulaya. Hakuna hata moja iliyokuwa ya Afrika, na mpaka inafungwa hapakuongezwa yoyote.

Gharama ya bando

Kwa picha ya kiwango kilichotajwa hapo juu, Google ilipendekeza mtandao wa megabiti 20 kwa sekunde. Hiyo ni sawa na megabaiti 2.5 kwa sekunde, au gigabaiti 9 kwa saa. Mchezo mkubwa wa siku hizi, ukipakuliwa mara moja na kuhifadhiwa nyumbani, huwa na gigabaiti 50 hadi 100. Aliyeupakua mchezo wa gigabaiti 50 amelipa bando mara moja, baada ya hapo anacheza miaka. Anayeucheza kwa wingu atakuwa ametumia kiasi hicho hicho kabla saa sita za mchezo hazijatimia, na saa ya saba ataanza kulipa upya. Akicheza saa moja kila siku kwa siku 30 ametumia gigabaiti 270. Mahali ambapo mtandao hulipiwa kwa mwezi bila kikomo, hesabu hii haimkoseshi mtu usingizi. Mahali ambapo bando hupimwa kwa gigabaiti, mashine iliyoonekana kuwa ghali huanza kuonekana rahisi.

Aidha mtandao wenyewe si jambo la kutegemewa kama jua. Mikongo mikubwa ya kwanza ya bahari iliyoufikia mwambao wetu ilianza kazi mwaka 2009 na 2010, nayo iliutoa ukanda huu katika utegemezi wa satelaiti. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika baharini upande wa Afrika ya Kusini, na mtandao ukazorota au kukatika kwa siku kadhaa katika nchi za Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwa mojawapo. Barua huweza kungoja siku mbili. Mchezo wa wingu hauwezi kungoja nusu sekunde. Mashine yenye diski ndani yake haikuhusika na tukio hilo kwa namna yoyote.

Milango iliyofungwa

Hasara zilizotajwa mpaka hapa ni za kiufundi, na huenda baadhi yake zikapungua seva zikisogezwa na mikongo ikiongezeka. Zinazofuata ni za namna nyingine, na kwa maoni ya wengi wanaoyafuatilia mambo haya ndizo kubwa.

Kampuni ya OnLive ya Marekani ilianza kuuza huduma ya wingu mwezi Juni 2010, miaka kumi karibu kabla ya Stadia. Ilisifiwa sana. Tarehe 30 Aprili 2015 ilifungwa, hataza zake zikanunuliwa na Sony, na wale waliokuwa wamelipia haki ya kucheza mchezo fulani humo wakabaki bila mahali pa kuuchezea.

Stadia ilikuwa na mwenye mali nyingi zaidi nyuma yake, na watu waliona kuwa hiyo ni dhamana tosha. Mwezi Februari 2021 Google ilitangaza kuzifunga karakana zake zenyewe za kutunga michezo. Mwezi Julai 2022 uvumi ulienea kwamba Stadia nzima itafungwa, na wahusika wakaukanusha hadharani. Tarehe 29 Septemba mwaka huo huo ilitangazwa kwamba itafungwa, na tarehe 18 Januari 2023 ikafungwa. Lazima isemwe kwamba Google ilitenda uungwana ambao si kawaida katika biashara hii: iliwarudishia wateja fedha za michezo na za vifaa vilivyonunuliwa katika maduka yake, na ilivifungua vidhibiti vya mkononi, ambavyo vijana huviita padi, ili viweze kutumika na mashine nyingine. Hata hivyo fedha siyo mchezo. Mchezo uitwao Outcasters, uliotungwa kwa ajili ya Stadia pekee, ulitoweka pamoja nayo. Mtu yeyote aliyetaka kuuhifadhi asingeweza, kwa sababu hapakuwa na diski wala faili lililopata kufika nyumbani kwa mtu. Palikuwa na picha zilizopita kwenye waya, basi.

Upo mfano mwingine unaoonyesha kwamba hata mwenye mali hupata taabu anapoitumia kwa mashine ya kukodi. Huduma ya GeForce Now haiuzi michezo. Humkodishia mteja kompyuta ya mbali ili acheze humo michezo aliyokwisha kuinunua kwingine. Ilipoanza rasmi mwezi Februari 2020, watungaji wakubwa, miongoni mwao Activision Blizzard na Bethesda, waliiondoa michezo yao mingi katika huduma hiyo katika muda wa wiki chache. Wateja walikuwa wameilipia. Walizuiwa, hata hivyo, kuichezea pale.

Nini hasa kilichonunuliwa?

Katika sheria ya Marekani ipo kanuni ya zamani, iliyothibitishwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1908 katika kesi iliyohusu riwaya moja na duka lililoiuza kwa bei ya chini kuliko ile aliyoagiza mchapishaji. Mahakama iliamua kwamba mwenye haki ya kunakili kitabu akishakiuza nakala, nguvu yake juu ya nakala ile imekwisha. Mnunuzi atamuuzia amtakaye, kwa bei aitakayo. Juu ya kanuni hiyo yamejengwa maduka ya vitabu vilivyotumika, maktaba, na biashara yote ya diski za michezo za mkono wa pili. Kanuni hushika pale penye nakala. Katika wingu hapana nakala iliyouzwa, bali ruhusa ya kutazama, na ruhusa haiwezi kuazimwa, kuuzwa wala kurithiwa isipokuwa kwa hiari ya aliyeitoa.

Kwa kweli kati ya diski na wingu ipo ngazi ya katikati, na msomaji makini ataiuliza. Michezo mingi leo hupakuliwa, na mpakuaji huambiwa katika maandishi madogo kwamba amepewa leseni tu. Nyingine zaidi hudai kuwasiliana na seva ya kampuni hata kama mchezaji anacheza peke yake. Mchezo wa magari uitwao The Crew, wa kampuni ya Ubisoft, uliuzwa tangu Desemba 2014, hata kwenye diski. Seva zake zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na diski zile zikawa vibao vya plastiki. Kisa hicho kiliamsha malalamiko makubwa Ulaya. Ombi la wananchi kwa Umoja wa Ulaya, likitaka michezo iliyouzwa iachwe katika hali ya kuchezeka baada ya kampuni kuiacha, lilivuka saini milioni moja mwezi Julai 2025. Huko California sheria mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2025, ikiwakataza wauzaji wa bidhaa za kidijiti kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Sheria hiyo inaziacha nje bidhaa ambazo mteja aweza kuzipakua na kukaa nazo daima bila mtandao, na ubaguzi huo una maana: watunga sheria wameutambua mpaka ule ule ambao mwenye bao anaujua bila kufundishwa.

Tabia ya mwuzaji kubaki na ufunguo wa nyumba aliyoiuza haikuanzia kwenye michezo. Mwezi Julai 2009 kampuni ya Amazon ilifuta, kwa mbali, nakala za vitabu viwili vya George Orwell katika vifaa vya wasomaji waliokwisha kuvilipia, kwa kuwa aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Kimoja ni kile ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la Shamba la Wanyama. Fedha zilirudishwa. Lakini mwanafunzi mmoja wa sekondari wa Michigan alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo juu ya nakala ya kitabu cha pili, na maelezo hayo yakapoteza maana, kwa kuwa kurasa yaliyozirejelea hazikuwapo tena. Alikwenda mahakamani. Kampuni iliomba radhi na kuahidi kutorudia.

Mchezo kama kitabu cha kujifunzia

Jambo moja hutajwa mara chache katika mabishano haya, nalo lawahusu walimu kuliko wengine. Mchezo ulioko ndani ya kompyuta ya mtu waweza kufunguliwa. Kijana mdadisi hutafuta faili zake, akabadili rangi ya jezi, akaongeza uwanja, akagundua kwa nini mpira unadunda hivi na si vile. Watunga programu wengi walianza namna hiyo. Counter-Strike, ambao ulikuja kuwa mmoja wa michezo inayochezwa zaidi duniani, ulianza mwaka 1999 kama marekebisho yaliyofanywa na vijana wawili juu ya mchezo mwingine, Half-Life. Watungaji wa Doom, mchezo wa mwaka 1993, waliitoa programu yake ya asili hadharani mwaka 1997, na tangu hapo wanafunzi wameusoma, wameurekebisha na kuuhamishia katika vifaa vya kila aina, ndiyo sababu unachezeka hadi leo. Mchezo wa wingu haufunguki. Mwanafunzi huona uso wake tu, kama mtu anayejifunza useremala kwa kutazama dirisha la duka la samani.

Kazi ya watunzaji

Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa mwaka 2013 taarifa kuhusu sinema ndefu zisizo na sauti zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929: ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo lake la asili. Nyingine nyingi zilitupwa au kuungua wakati ambapo hakuna aliyezihesabu kuwa kitu cha kutunzwa. Walezi wa michezo ya kompyuta wanasema wanauona mwanzo wa hadithi ile ile. Uchunguzi uliotolewa mwezi Julai 2023 na wakfu wa kutunza historia ya michezo ya video, ulioko Marekani, ulikuta kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010 haipatikani tena madukani. Iliyosalia katika hali ya kuchezeka, imesalia kwa sababu kaseti na diski zilibaki katika masanduku ya watu binafsi, na watu hao wakazipeleka maktaba.

Hiyo ndiyo njia inayozibwa na wingu. Hakuna sanduku la kukuta darini. Mtunzaji hutegemea kampuni ikubali kumpa programu ya seva, na kampuni iliyofilisika haina wa kujibu barua. Hata kwa michezo ya zamani iliyokwisha kuokolewa sheria bado ni nzito. Watunzaji wa Marekani waliomba maktaba ziruhusiwe kuwaonyesha watafiti michezo hiyo kwa mbali, mmoja mmoja, kama zinavyofanya kwa baadhi ya vitabu na picha. Mwezi Oktoba 2024 Ofisi ya Haki ya Kunakili ya nchi hiyo iliwakatalia, kwa hoja kwamba michezo ingeweza kutumiwa kwa starehe. Mtafiti anayetaka kuitazama hana budi kusafiri mpaka kwenye jengo la maktaba na kukaa mbele ya mashine yenyewe.